Pindo la Fundi

Hosteli ya Wajumbe, chumba cha mwisho kushoto
3 Machi

Dada yangu,

Kama barua hii imekukuta umesimama, tafuta pa kukaa kwanza, maana ni ndefu na miguu yako naijua. Mimi mzima. Kifua kimetulia tangu nilipoacha kulala na dirisha wazi. Wifi yako anawasalimu nyote. Ameachiwa duka peke yake, na anasema tangu niondoke nguo zinatoka siku ileile aliyoahidiwa mteja, jambo ambalo halijawahi kutokea dukani kwetu. Sijui ananisifu au ananifukuza. Shemeji mgongo unaendeleaje? Na Kitindamimba bado anachora kuta kwa mkaa? Mwambie mjomba atamletea penseli za rangi, ila kuta azionee huruma.

Sasa habari za huku. Bunge la Katiba linakutana kwenye jumba la sinema la zamani. Usicheke. Viti ni vile vya kujikunja: ukiinuka, kiti kinajifunga chenyewe, pwaa! Kwa hiyo mtu hawezi kusimama kimyakimya. Ukumbi mzima unageuka kumtazama kabla hajafungua mdomo, na mimi nimeona mawakili wakubwa wakisahau hoja zao kwa sababu ya kishindo hicho. Nyuma ya Mwenyekiti bado kuna lile pazia jeupe la picha. Ukichoka kusikiliza unaweza kutazama pazia na kujipigia sinema yako mwenyewe.

Mimi nimeletwa kuwakilisha mafundi wa mikono. Humu ndani hakuna anayeniita kwa jina. Ni Fundi tu. "Fundi, hujambo?" "Fundi, hebu nitazame hiki kifungo." Nimeshona vifungo vya vyama vyote bila ubaguzi.

Ugomvi mkubwa ni wa viti vya bunge lijalo. Majimbo ya Milimani yanataka kila jimbo lipate viti kwa idadi ya wapiga kura. Jimbo la Bonde linataka idadi ya watu wote, wapige kura wasipige. Wamebishana wiki tatu. Msemaji wa Bonde ni yule mwenye mashamba, mnene, mpole, anayetabasamu kabla ya kukataa. Wa Milimani ni Wakili mmoja mwembamba asiyetabasamu hata akikubali. Juzi saa ya chai walikuwa wamesusiana, kila mmoja na kikombe chake. Nikawaambia, waheshimiwa, dada yangu alipokuwa ananishonea kaptula ya shule aliacha pindo kubwa ndani. Kaptula ilinitosha mwaka ule, na mwaka uliofuata alifumua pindo ikanitosha tena. Basi na nyinyi shoneni inayotosha leo, mengine myakunje kwa ndani, yatafumuliwa nchi ikikua.

Dada, walicheka mpaka mwenye mashamba akamwagikiwa chai. Wakili akaomba nirudie, akaandika.

Kwa hiyo kaptula yako imefika Bunge la Katiba. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu.

Ni mimi uliyenifundisha kutunga uzi.


Kambi ya Nne, Mstari wa Juu
29 Machi

Mdogo wangu,

Barua nimeipata, nimeisoma nimekaa, kama ulivyoagiza. Sisi hatujambo. Shemeji yako mgongo ni uleule, anautembeza taratibu. Kiwanda kimeanza kusaga miwa kwa hiyo nashona magunia zamu mbili, na vidole vimekuwa kama tangawizi. Nimecheka sana kuhusu kaptula. Hukuwaambia kwamba ile kaptula ilitokana na pazia? Hukuwaambia. Ukiwa mbele ya wakubwa unasema nusu.

Huku tuna habari kubwa. Tumehesabiwa! Wamekuja makarani wa sensa, vijana wenye kofia, nyumba hadi nyumba, kambi zote saba. Unajua tangu nimeolewa huku hakuna serikali iliyowahi kuingia kambini kuuliza kitu isipokuwa nani kaiba miwa. Huyu karani alikaa kwenye kigoda changu, akakubali maji, akauliza jina la kila mtu na kazi yake, hata la watoto walioko mbali. Mimi akaniandika "mshonaji". Shemeji yako akamwuliza, "Na mimi nisiye na mgongo utaniandika nani?" Akaandikwa "mtumishi wa kiwanda". Alikwenda mlangoni akaandika kwa chaki namba ya nyumba, na chini yake: watu 6. Kitindamimba amechukua kipande cha chaki akaandika jina lake pembeni, ili wasije wakamsahau.

Watu wa kambi wamefurahi, nisikufiche. Wamevaa vizuri siku ya kuhesabiwa. Wanasema anayehesabiwa atapiga kura, na kambi saba zikipiga kura, Halmashauri ya wilaya itakuwa yetu, maana huku nje ya kambi kuna watu wangapi? Mameneja, mbwa wao, na duka moja.

Wewe unajua hilo lina maana gani kwetu. Shemeji yako anastaafu mwisho wa Septemba. Sheria ni ileile: mtumishi akistaafu, nyumba inarudi kwa kampuni ndani ya siku thelathini. Mimi magunia nashona kwa kibarua, na kibarua hapewi nyumba. Miaka ishirini na saba nimekaa ndani ya kuta hizi, wanne nimewazaa humu, na haki yangu ni siku thelathini. Lakini ardhi ya kambi ni ya Halmashauri, kampuni imepangishwa tu. Halmashauri ikiwa na watu wetu, sheria hiyo haimalizi wiki. Katiba ikipita mapema, uchaguzi unaweza kuwa Septemba. Tumepiga hesabu.

Kwa hiyo niambie, huko kwenye sinema wanasema nini kuhusu kambi? Nijibu upesi.

Dada yako, namba iko mlangoni.


Hosteli ya Wajumbe
17 Mei

Dada yangu mpendwa,

Nisamehe kuchelewa. Posta ya hapa ina karani mmoja na ana mafua tangu Aprili. Mimi mzima, kifua kizima, chakula kingi kupita kiasi. Wifi yako amepata oda ya sare za shule na ameajiri msichana wa kumsaidia. Watoto wako wakubwa wameandika? Yule wa kwanza bado yuko kwenye meli ile? Penseli za rangi nimezinunua, nitazituma nikipata mtu wa kuja huko.

Nina kisa cha kukuchekesha. Meza ya Mwenyekiti ilitandikwa kitambaa kipya cha kijani, kirefu mno, na siku ya kwanza Mwenyekiti alikikanyaga akaingia kikaoni kwa magoti. Jumatatu iliyofuata mtu akasema, si tunaye Fundi? Basi nikaitwa. Sikutaka kuwasimamishia kazi, nikaingia chini ya meza na pini zangu, wao wanaendelea kusoma rasimu juu ya kichwa changu. Asubuhi nzima nilikuwa humo, mjumbe kamili wa Bunge la Katiba, nimepiga magoti katikati ya viatu vya wakubwa na pini kumi na mbili mdomoni. Naweza kukueleza hali ya soksi za kila kiongozi wa nchi hii. Si nzuri.

Kipande kilichobaki nimekikunja humu ndani ya bahasha. Kitafaa mto wa sindano.

Mambo mengine yanaendelea. Ni mambo ya sheria, yana vifungu na vifungu vya vifungu, hayaelezeki kwa barua. Naona ingekuwa vyema shemeji aandike mapema kwa meneja kuomba aongezewe muda kwenye nyumba. Si kwamba nina habari yoyote. Ni tahadhari tu.

Mvua huku haijakoma. Jumba la sinema linavuja upande wa Milimani, na watu wa Bonde wanasema ni haki.

Wako mtiifu.


Kambi ya Nne
2 Juni

Mdogo wangu,

Sisi wazima, wa kwenye meli ameandika, wewe je. Salamu nimezitoa zote kwa sababu nilifundishwa, lakini leo sina hamu nazo.

Nimekulea tangu una miaka minne. Ukivunja kitu ulikuwa unakuja kunisimulia habari za kuku wa jirani. Nilipoona soksi za wakubwa ukurasa mzima, na kambi hata neno moja, nikajua kuna kilichovunjika.

Sikungoja sana. Jumamosi mpiga chapa wa ofisini alileta gazeti kwenye banda la magunia akatusomea. Mimi naweza kusoma mwenyewe, hata kama nilijifunzia kwenye maandishi ya magunia ya sukari, lakini nilimwacha asome kwa sauti ili wote wasikie. Ibara ya arobaini na moja. Wakazi wa makambi ya mashamba watahesabiwa katika idadi ya watu wa Jimbo la Bonde kwa ajili ya kugawa viti. Lakini hawatapiga kura, wala hawatagombea, mpaka Bunge litakapoamua vinginevyo.

Mwenzangu mmoja akauliza, "Rudia hapo. Tunahesabiwa ili nani akae kwenye kiti?" Mpiga chapa akasema, "Mwenye mashamba." Akauliza tena, "Kwa hiyo nikizaa, namwongezea yeye?" Watu wakacheka, halafu wakarudi kwenye magunia.

Chini ya habari hiyo gazeti limesema wajumbe wamekipa kifungu hicho jina la utani. Wanakiita Pindo la Fundi.

Fundi yupi?

Niliposoma ile barua yako ya Machi nilicheka, na nilimsimulia kila mtu bandani, mpaka msimamizi. Wote wanajua habari ya kaptula yako. Mpiga chapa alipofika kwenye lile jina hawakunitazama. Walitazama magunia yao. Ningeona afadhali wanitazame.

Sasa nisikilize mimi, maana kaptula ilikuwa yangu. Niliacha pindo kwa sababu nilijua mwakani nitakuwepo, na sindano ni yangu, na mtoto ni wangu. Nilikuwa nakupima kila Januari ukutani. Pindo la kwenu sindano anayo nani? Bunge. Na bungeni amekaa nani? Walewale waliopata viti kwa sababu pindo halijafumuliwa. Wewe ni fundi wa miaka thelathini. Umewahi kuona nguo inajifumua yenyewe?

Gazeti limesema bado kuna usomaji wa mwisho, na mjumbe yeyote anaweza kusimama na kuomba ibara ifunguliwe tena. Mjumbe yeyote. Simama. Sikuombi ushinde.

Dada yako.


Hosteli ya Wajumbe
11 Juni

Dada,

Nakujibu siku ileile niliyoipata.

Ni mimi. Sikuandika kifungu, sijui kuandika vile, lakini Wakili alikichukua kutoka mdomoni mwangu na hakuficha kwamba amekitoa huko. Nilikuwa nasimulia kaptula, na wao walikuwa wanatafuta mahali pa kuficha watu elfu themanini. Nikawaonyesha. Walinishika mkono wote wawili. Dada, mimi niliyeacha shule darasa la sita, mwenye mashamba alinishika mkono, na kwa siku mbili nilikuwa natembea kwenye korido ya hosteli kama suti mpya. Sikujua ni kambi. Hapana, nisiseme hivyo. Nilijua ni "wakazi wasio wa kudumu", ndivyo rasimu ya kwanza ilivyowaita, na nilijua ni nani wanaitwa hivyo Bonde. Sikutaka kukaa na neno hilo mpaka liniambie limekusudia nani.

Siku ile niliyokuwa chini ya meza ndiyo siku ibara iliposomwa mara ya kwanza. Mwenyekiti aliuliza kama kuna pingamizi. Nilisikia vizuri kabisa, nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote. Nilikuwa na pini mdomoni. Nimekusimulia kisa hicho kama kichekesho kwa sababu ni kweli kinachekesha, na kwa sababu sikuwa na namna nyingine ya kukusimulia.

Naomba upime na upande wa pili. Bonde walikuwa wameshafunga mizigo. Wangeondoka na bandari, na reli, na kiwanda chenu, na Milimani wangewafuata kwa bunduki, si kwa mawakili. Nimewasikia vijana wao kwenye ngazi, hawatanii. Wakili mwenyewe aliniambia, "Fundi, nimeuza watu elfu themanini kununua amani ya milioni kumi, na kila asubuhi nikinyoa naiangalia hiyo bei." Huyo ndiye asiyetabasamu. Si mtu mbaya. Hakuna mtu mbaya humu, ndiyo shida yake. Ningempata mmoja ningepumzika.

Lakini umenishinda kwenye sindano.

Usomaji wa mwisho ni wiki ya tatu ya Julai. Nitasimama. Nimeshaandika maneno, mistari sita, hakuna kaptula ndani yake. Nasema mimi ndiye mwenye mfano, na naurudisha, ulitumika vibaya. Waambie wenzako wa bandani.

Mdogo wako.


Hosteli ya Wajumbe
30 Julai

Dada yangu,

Natumaini mko salama na baridi ya asubuhi haijamzidi shemeji. Wifi yako amemaliza zile sare, amelipwa zote. Mimi mzima. Kifua kinakohoa kidogo, si cha kutisha.

Basi, Bunge limekwisha. Tuna shirikisho. Ijumaa tulitia saini, mjumbe mmoja mmoja, kwenye jukwaa la sinema. Walikuwa wamefuta vumbi kila mahali na kuweka taa za picha, joto lake usiseme. Kalamu ilikuwa moja, ya wino, na mjumbe wa nne akaikandamiza ikapasuka, ikabidi watu mia mbili waunde nchi kwa kalamu ya karani wa mlangoni. Mwenyekiti alilia. Kitambaa cha kijani hakikumkwaza, nilikuwa nakiangalia sana. Wakili alikuwa amevaa suti ya kahawia ambayo bega la kushoto limeshuka, na nilitaka kumwambia aje dukani lakini haikuwa saa yake. Mwenye mashamba alitia saini bila kukaa. Nje walikuwepo wanafunzi wenye bendera ndogo, na mvua ikanyesha, rangi za bendera zikachuruzika kwenye mikono yao, kila mtoto akarudi nyumbani na nchi kiganjani.

Na mimi nilitia saini. Jina langu liko safu ya tatu, karibu na doa.

Sasa nafunga mizigo. Nyumbani kuna kile chumba cha nyuma, tulikuwa tunaweka majora ya vitambaa, wifi yako anasema kinaweza kusafishwa. Nawaza tu.

Wasalimie wote.


Kambi ya Nne
9 Agosti

Mdogo wangu,

Tuko salama.

Umenieleza kalamu, kitambaa, bega la Wakili, taa, bendera, mvua na doa. Hukunieleza kama ulisimama.

Bandani wananiuliza kila siku. Nawaambia posta ya huko ina karani mmoja na ana mafua.

Dada yako.


Nyumbani
4 Septemba

Dada,

Nilisimama.

Nimekuwa nikiianza barua hii tangu yako ilipofika. Mara mbili nimeifikisha mwisho nikaona imejaa vichekesho, nikachana. Hii naiandika dukani, mashine zimezimwa, wifi yako amekwenda sokoni.

Mwenyekiti alifika ibara ya arobaini na moja. Akauliza kama kuna mjumbe anayetaka ifunguliwe. Karatasi yangu ilikuwa mfukoni. Nikainuka, kiti kikajifunga, pwaa. Ukumbi mzima ukageuka. Dada, walikuwa wanatabasamu. Wote, Milimani na Bonde, walishaanza kutabasamu kabla sijasema, kwa sababu ni Fundi amesimama, na Fundi akisimama watu wanapumzika. Mwenye mashamba alikunja mikono juu ya tumbo kama mtu anayesubiri chakula. Mwenyekiti akasema, "Haya Fundi, unatufumulia nini leo?" Wakacheka. Wakili peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama, na mpaka leo naamini alikuwa ananiomba niseme.

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, nilitaka tu kuhakikisha kiti changu bado kinafanya kazi kabla sijakiacha."

Walicheka sana. Walipiga makofi. Nikakaa, na ibara ikapita ndani ya kicheko hicho, hata sikusikia nyundo ya Mwenyekiti.

Hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyeninunua. Ningekuwa nimenunuliwa ningekuwa na cha kurudisha. Nilitaka tu ule uso wao usibadilike wakiwa wananitazama. Ile mistari sita ilikuwa mfukoni, karatasi imepata jasho, na mdomo ukatoa yale uliyoyazoea.

Chumba cha nyuma nimekisafisha mwenyewe. Nimekipaka chokaa. Siwezi kukwambia njooni, sina uso wa kusema njooni. Nakwambia tu kipo.

Nimewakosea, wewe na watu wa bandani. Shemeji nitamwandikia kivyake.


Kambi ya Nne, nje ya nyumba
26 Oktoba

Mdogo wangu,

Nakuandikia juu ya sanduku, meza imeshachukuliwa na jirani. Shemeji yako mzima. Jana ndipo walipompa saa ya ukutani kwa utumishi wake, na sasa hana ukuta. Amesema nikuandikie hivyo hivyo, anaona na wewe unapenda vichekesho.

Barua yako niliwasomea wenzangu bandani. Yote. Sikuruka hata pale kwenye kiti. Nilikuwa naogopa, lakini niliona ni afadhali wasikie kwa mkono wako kuliko kwa ukimya wangu. Yule aliyeuliza habari ya kuzaa alisema, "Angalau huyu ameandika. Wengine mia na tisini na tisa hawana dada huku." Sisemi hili ili upate nafuu. Nimekupa kama nilivyolipokea.

Meneja alikubali barua ya shemeji ya kuomba muda. Ametuongezea wiki moja. Ametukumbusha kwamba ni hisani.

Leo asubuhi karani wa sensa amepita tena, yuleyule wa kofia, anahakiki namba. Akakuta vyombo nje na mlango wazi. Nikamwambia tunahama, futa namba. Akasema haifutwi, mama, hesabu ni ya miaka kumi. Nikamwuliza, "Kwa hiyo sisi sita tutaendelea kukaa humu?" Akatazama chini, kijana wa watu, akasema, "Kwa upande wa viti, ndiyo." Nikampa maji, akanywa, akaondoka. Kitindamimba amelipitishia chaki upya lile jina lake pembeni ya mlango, kwa herufi kubwa. Nilitaka kumkataza, nikamwacha.

Tunakuja kwako. Usidhani nimekusamehe, tunakuja kwa sababu una chumba. Kusamehe ni kazi ya polepole na mimi mkono wangu umezoea magunia, sishoni vitu laini kwa haraka. Waheshimiwa wako wakija dukani kupimwa suti, mimi nitakuwa pale dirishani nashona. Utanitambulisha. Utasema, huyu ni dada yangu, ametoka kambi ya nne, ni mmoja wa wale. Utalisema kwa kila mmoja anayeingia, na hutaongeza neno la kuchekesha mbele wala nyuma. Na mwenye mashamba naye akija, utamwambia hivyohivyo, huku umemshikia futi kifuani.

Barua hii nampa dereva aitangulize; basi letu linafika Jumamosi mchana. Tuko watatu, wakubwa wanajitegemea. Njoo stendi na mkokoteni. Mto wa sindano wa kile kitambaa cha kijani sikuushona, kitambaa nakurudishia.

Sindano nakuja nayo yangu.

Dada yako.